Sura ya Sita: Taka Zina Nyayo

Hadithi ya upelelezi huhitaji jambo lililoharibika ghafla. Mtu amekutwa amekufa, mkufu umepotea, mtoto hakurudi nyumbani. Majirani wanakusanyika, kelele zinapigwa, na mpelelezi anaingia uwanjani. Uchafuzi wa mazingira hauji hivyo. Mtaro wenye maji meusi leo ulikuwa na maji meusi jana na juzi. Muuza chipsi ameweka meza kando yake, wateja wanapita juu ya ubao, wanakula, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayepiga kelele kwa kuwa hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mwandishi wa watoto anayetunga fumbo la uchafuzi ana kazi ambayo mwandishi wa hadithi za mauaji hana: kabla ya kumtafuta mkosaji, lazima amfanye msomaji aone kwamba kosa limetendeka.

Mtoto ndiye anayeifaa kazi hiyo. Mtu mzima wa Kariakoo amekwishajizoeza kuruka dimbwi huku akiongea na simu. Mtoto wa miaka tisa husimama. Anauliza kwa nini maji ya leo yana rangi ya zambarau na ya jana yalikuwa ya kijani, na kwa nini povu linatokea jioni tu. Maswali hayo humchosha mzazi mwenye haraka, lakini ndiyo maswali ambayo upelelezi wote wa dunia umejengwa juu yake.

Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba katikati ya jiji la Dar es Salaam pana kila kitu ambacho hadithi kama hiyo inakihitaji: mila ya upelelezi katika lugha yetu, kesi za kweli zilizofika mahakamani, na watoto wanaojua vichochoro kuliko askari. Kilichobaki ni kuviunganisha, na kuviunganisha kwa haki. Hadithi inayoisha kwa kukamatwa mtu mmoja mbaya imemdanganya mtoto. Na ile inayoisha kwa kumwambia mtoto akaokote makopo imemwonea, kwa sababu imemtwisha mzigo wa watu wazima waliojua na wakanyamaza.

Mkaguzi aliyemzaa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Wasomaji wanamjua kuwa ndiye baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 lililoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, akaendelea kufumbua mambo katika *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na vitabu vingine.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kazi aliyoianza alipomaliza masomo mwaka 1938. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Magazeti yalikuja baadaye, na tangu mwaka 1958 alihariri *Mkulima*, jarida la kilimo, kwa miaka kumi.

Sidai kwamba Bwana Msa alitoka moja kwa moja katika ukaguzi wa visima na vyoo. Ila mtazame bwana afya anapoingia uani kwa watu. Anauliza kisima kilichimbwa lini. Anatazama choo kiko upande gani na mteremko unaelekea wapi. Anauliza nani aliugua kwanza, alikunywa nini, na nani alikunywa hapohapo asiugue. Haridhiki na jibu la kwanza, maana jibu la kwanza mara nyingi ni la kumfurahisha mgeni ili aondoke. Kisha analinganisha maneno ya watu na kile alichokiona kwa macho. Ukimwondolea bwana afya kofia yake ya kazi, umebaki na mpelelezi.

Kuna undugu mwingine ulio mkubwa zaidi. Katika hadithi za Bwana Msa watu huwa na maelezo yao tayari: ni mzimu, ni uchawi, ni jambo lisilogusika. Msa haoni haya kusikiliza, lakini hutafuta mkono wa binadamu. Uchafuzi nao hufichwa nyuma ya maelezo ya namna hiyohiyo. Mtoto anayetapika kila wiki anaambiwa ana jicho la watu. Samaki waliokufa wanaambiwa wamekufa kwa joto. Kuhara kunaitwa ugonjwa wa msimu wa maembe. Hadithi ya mazingira kwa watoto inarithi kazi ya Bwana Msa moja kwa moja: kuheshimu hofu ya watu, halafu kuonyesha kwamba nyuma ya kile kinachoitwa kudura pana bomba, na nyuma ya bomba pana uamuzi wa mtu.

Baada ya Abdulla, upelelezi wa Kiswahili ulihamia bara na kushika kasi. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, na mitaa ya Dar es Salaam ikajaa magari yanayokimbizana. Vijana wengi walijifunza kupenda kusoma kwa vitabu hivyo, na hilo ni deni ambalo fasihi yetu haijalilipa. Lakini mtoto wa darasa la nne hana bastola wala gari. Ana macho, pua, kumbukumbu na muda. Kwa hiyo mwandishi wa watoto arudi kwa yule mzee wa Unguja aliyekaa kitini na kiko chake, akifikiri.

Mtaa wenye njia mbili za maji

Kariakoo ni mahali pazuri pa fumbo kwa sababu kila kitu hupita hapo. Nyanya za Iringa na Morogoro, vitunguu, samaki wakavu, vitenge, vipuri, simu, dawa za panya, rangi za nguo, betri: vyote vinaingia, na vyote vinaacha kitu nyuma. Mpelelezi mdogo hana haja ya kusafiri. Dunia imemjia mlangoni, nayo imemwachia maboksi yake.

Aanze na jengo la soko lenyewe. Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kusajiliwa kuwa wasanifu majengo katika Afrika Mashariki, ndiye aliyelibuni, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, mdomo ukitazama mbinguni, ili ipokee maji ya mvua na kuyashusha chini kwa mpangilio. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao. Lakini wazo la msanifu halikuungua: maji yana njia, na anayejenga lazima aijue. Mtoto akiuliza swali moja tu mbele ya paa lile, maji haya yanashukia wapi, tayari ameanza upelelezi.

Chini ya mitaa kuna siri ambayo watu wazima wengi hawaijui. Maji ya mvua na majitaka yanapaswa kwenda njia mbili tofauti. Mitaro ya mvua hupeleka maji kwenye mabonde, na upande wa kaskazini-magharibi Kariakoo inashukia Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mabomba ya majitaka ya katikati ya jiji yana safari nyingine, na kwa miaka mingi mwisho wake umekuwa bomba linalomwaga baharini. Taka zikiziba chemba, au mtu akiunganisha choo chake kwenye mtaro wa mvua usiku, njia mbili zinakuwa moja. Mwandishi hapati zawadi kubwa kuliko hiyo: kosa ambalo halionekani juu ya ardhi, lakini ushahidi wake unatokea mbali kabisa na pale lilipotendwa.

Kisha kuna njia ya tatu, ya taka ngumu. Kutoka meza ya muuza maembe hadi pembeni mwa mtaa, kutoka hapo kwa mkokoteni au guta hadi kizimba, kutoka kizimba kwa lori hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Kila kituo kina mtu wake: mfagiaji anayeamka alfajiri, mwokota chupa anayejua bei ya plastiki ngumu na laini, dereva wa lori, mlinzi wa kizimba. Katika hadithi mbaya watu hawa ni mandhari tu. Katika hadithi nzuri ndio mashahidi wakuu, maana hakuna anayejua siri za mtaa kuliko anayebeba taka zake. Mwokota chupa anajua ni duka gani limebadilisha bidhaa, nani anatupa sindano, na ni usiku gani gari lisilo na namba lilisimama kando ya mtaro.

Taka pia hubeba majina. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mtoto wa leo hajui vizuri jinsi ile mifuko ya rangi ilivyokuwa ikipepea juu ya waya za umeme. Lakini chupa, vifuniko, pakiti za biskuti na vifungashio vipo, na kila kimoja kina chapa ya aliyekitengeneza. Shirika la Nipe Fagio, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limekuwa likiandaa usafi unaoendana na uhesabuji: taka zinakusanywa, zinapangwa, na majina ya kampuni yanaandikwa moja baada ya jingine. Kwa mtoto hizo ni alama za vidole. Usafi wa kawaida humfundisha kwamba taka ni kosa la jirani mchafu. Kuhesabu chapa humfundisha kuuliza nani alitengeneza kitu kisichooza, na nani alipata faida.

Fungu la mchicha

Tuchukue mfano wa jinsi fumbo kama hilo linavyoweza kuanza. Wahusika ni wa kubuni, lakini kisa chenyewe kina mizizi. Tatu ana miaka kumi, anaishi na bibi yake Mtaa wa Sikukuu. Bibi anauza mboga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umechelewa, njoo unisaidie kufunga."

"Bibi, mchicha wa leo umetoka wapi?"

"Kwa yuleyule wa siku zote. Bondeni."

"Bondeni wapi?"

"Kwani wewe umekuwa bwana afya? Shika fungu hili mpelekee mama Asha, na chenji usiipoteze."

Tatu akalishika. Udongo uliobaki kwenye mizizi ulikuwa mweusi, na harufu yake haikuwa ya udongo.

Hapo pana fumbo, na ni zito kuliko mkufu ulioibwa. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha utafiti uliopima kadimiamu, risasi, shaba na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Watafiti wengine baada yao wamerudia kuikuta risasi na metali nyingine katika udongo, maji na mboga za mabonde ya jiji. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unapita Kigogo na Jangwani, unaingia baharini penye Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya viwanda, ya machinjio, ya gereji, ya vyoo na ya mitaro. Mkulima wa bondeni anachota maji hayo kwa ndoo kwa sababu ndiyo maji aliyonayo.

Uzito wa fumbo hili ni kwamba nyayo zinapita kwa watu tunaowapenda. Tatu akifuata sumu kutoka kwenye sahani, wa kwanza kukutana naye ni bibi yake. Wa pili ni mkulima anayelipa ada ya shule ya watoto wake kwa matuta matatu. Hakuna kati yao aliyekusudia ubaya. Mwandishi asiye makini atakimbilia kuwaruka hao hadi kwa tajiri mwenye miwani ya jua. Mwandishi makini atamwacha Tatu asimame mbele ya bibi, aogope kusema, na ajifunze kwamba kujua ukweli na kumlaumu mtu ni mambo mawili. Halafu atamwongoza apande na mto, juu zaidi, mpaka kwenye bomba.

Sheria ya msingi ya riwaya ya upelelezi ni kwamba msomaji apewe dalili zote ambazo mpelelezi anazo. Katika fumbo la uchafuzi, dalili hizo ni za kisayansi, na lazima ziwe sahihi. Risasi haina harufu wala ladha, kwa hiyo Tatu hawezi kuinusa. Anachoweza kunusa ni kilichochanganyika nayo. Metali haiozi, na ile ambayo mmea umeifyonza haiondoki kwa kuosha mboga. Mvua kubwa haiondoi sumu, huihamisha. Mtoto akijifunza mambo hayo matatu ndani ya hadithi hatayasahau, kwa kuwa aliyahitaji ili kumpata mkosaji.

Na kuna sheria nyingine ambayo naiona ni ya lazima. Kitabu kisimfundishe mtoto kuingia kwenye chemba, kushika betri iliyopasuka, kuonja maji wala kumfuata mtu usiku. Ujasiri wa Tatu uwe katika daftari lake: siku, saa, rangi, harufu, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alikuwepo. Picha moja kwa simu ya mama, ikiwa na tarehe, ina nguvu mbele ya afisa mtendaji wa mtaa kuliko kelele za watu kumi.

Dampo lililohamahama

Jiji hili lina kesi ya kweli ambayo kila mtoto wa Dar es Salaam angepaswa kuijua kama anavyojua hadithi za sungura na fisi. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata. Moshi uliingia vyumbani, nzi walijaa kwenye vyakula, harufu haikuisha. Wakazi walilalamika, hawakusikilizwa, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 1988 mahakama iliamuru Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka pale. Jiji liliomba muda, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikataa ombi hilo, akaegemea haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Mamlaka ya umma haiwezi kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu inaowahudumia.

Hapo mwandishi wa kawaida angeandika "mwisho". Watu wa kawaida wameshinda, haki imetendeka, kitabu kifungwe. Lakini fuata nyayo. Malori yaliyotoka Tabata yalikwenda Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Yakaenda Vingunguti, ukingoni mwa Bonde la Msimbazi, yakamwaga hapo mpaka mwaka 2001. Yakaenda Mtoni, Temeke. Kisha yakaenda Pugu Kinyamwezi. Kila mahakama ilisema kweli, na kila mara uchafu ukapata jirani mpya.

Ninaamini hii ndiyo hadithi kubwa ya mazingira ya Dar es Salaam, na ndiyo sababu aina ya fumbo tuliyoizoea haitoshi. Swali la "nani?" lilijibiwa mwaka 1988. Swali lililobaki ni "inakwenda kwa nani sasa?" Mtoto anayesoma kitabu cha upelelezi kuhusu dampo apewe furaha ya ushindi, maana wakazi wa Tabata walishinda kweli na walifungua njia ya kisheria ambayo wengine wameifuata. Lakini sura moja kabla ya mwisho apewe pia ramani, achore mstari kutoka Tabata hadi Pugu, na amkute pale mwisho wa mstari mtoto mwenzake anayekohoa. Wahusika wa kitabu wakutane. Hapo ndipo upelelezi unapogeuka kuwa uraia.

Sheria nayo iwe ndani ya hadithi, si katika kiambatisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liko. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko. Mtoto ajue milango hiyo iko wapi na inagongwaje. Ajue pia kwamba mara nyingine mlango wa kwanza haufunguki.

Mama aliyepima damu

Kando ya Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa magonjwa ya kawaida, hakupona. Hatimaye damu yake ikapimwa na kukutwa ina risasi. Omido hakuishia kwa mwanawe. Aliwauliza majirani, watoto wengine wakapimwa, na mtaa mzima ukaanza kueleweka kwa namna mpya: kuku waliokufa, mimba zilizoharibika, maji yaliyotiririka chini ya ukuta wa kiwanda. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka uliofuata. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kila kilichomo katika riwaya ya upelelezi kimo humo: mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini, wataalamu wanaokosea, dalili ndogo zilizotawanyika, mtu mmoja anayekataa kuridhika, vitisho, na haki inayochukua muda mrefu. Waswahili husema za mwizi ni arobaini. Risasi katika mifupa ya mtoto haihesabu siku arobaini. Inakaa miaka, na mwandishi awe mkweli kuhusu hilo hata anapomwandikia mtoto.

Njia ya Omido ilikuwa ileile ya daktari John Snow, aliyetembea mitaa ya London mwaka 1854 wakati kipindupindu kinaua. Wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Snow aliweka alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa, akaona zinazunguka pampu moja ya maji. Kisha akawatafuta waliosalimika: wafanyakazi wa kiwanda cha pombe ambao hawakunywa maji ya pampu ile. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa sehemu nyingi za nchi. Ramani, kalamu na swali la "wewe unachota wapi?" bado ni silaha, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzitumia.

Tunachoweza kuazima

Nchi nyingine zimetangulia. Erich Kästner aliandika mwaka 1929 juu ya watoto wa Berlin wanaomfuata mwizi, na akaonyesha kwamba jiji ni la watoto pia. Jean Craighead George wa Marekani aliandika mwaka 1971 *Who Really Killed Cock Robin?*, fumbo la ndege aliyekufa, ambamo watoto wanajifunza kwamba sumu kadhaa zinaweza kufuata njia tofauti na kukutana katika kiumbe kimoja. Carl Hiaasen, katika *Flush* ya mwaka 2005, aliwapa watoto wa Florida rangi ya chakula: wanaimwaga kwenye choo cha meli ya kamari, na bahari inatoa ushahidi.

Mbinu hiyo ya mwisho haihitaji kutafsiriwa. Rangi ya ubuyu iko kila duka la Kariakoo. Lakini tusiazime kila kitu. Katika vitabu vingi vya huko, mtoto ana baiskeli, chumba chake na mchana mzima wa likizo. Tatu ana mdogo wake mgongoni, ndoo ya maji na fungu la mchicha la kupeleka kwa mama Asha. Upelelezi wake ufanyike ndani ya kazi hizo. Kutumwa dukani ndiko kunakompa ruhusa ya kupita kila mahali bila kuulizwa, na foleni ya maji ndiyo mahakama anayosikilizia mashahidi.

Kazi iliyo mbele

Waandishi hawaanzi patupu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulifundisha waandishi na wachoraji na kufikisha vitabu vya Kiswahili shuleni. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D wamethibitisha kwamba kitabu kizuri cha mtoto kinaweza kutungwa, kuchorwa na kuuzwa hapahapa. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, iko mwendo wa miguu kutoka sokoni.

Kinachokosekana ni uthubutu wa kuandika juu ya mtaa wenyewe kwa majina yake. Vitabu vingi vya mazingira tunavyowapa watoto bado ni mahubiri: panda mti, usitupe taka, nawa mikono. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanamweka mtoto katika nafasi ya mkosaji tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi ya upelelezi inamweka katika nafasi ya anayeuliza. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Watoto wa familia hizo wana haki ya kusoma hadithi inayouliza nani aliziba mitaro, nani aliruhusu ujenzi, na nani alijua.

Kwa hiyo mwandishi atembee na mto kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Mwalimu awape wanafunzi daftari la upelelezi, wafuate mtaro mmoja kwa muhula mmoja kwa usalama, na wapeleke walichokiona kwa serikali ya mtaa. Mchapishaji akubali kitabu ambacho mkosaji wake si mtu mmoja, na ambacho ushindi wake una swali linalobaki. Mzazi asome na mtoto, halafu ajibu kwa ukweli akiulizwa choo chao kinamwaga wapi. Kizazi kitakachojifunza kufuata nyayo za taka kikiwa na miaka kumi hakitakubali, kikifika thelathini, kuambiwa kwamba dampo limeondolewa bila kuonyeshwa limepelekwa kwa nani.